Jinsi ya kuchora ramani ya Waodawa na nchi zao, kwa nyinyi mnaoshika vikundi vya vijana mtaani

Hii nawaandikia nyinyi mnaokaa na vijana Jumamosi, wale wa vikundi vya kusoma Majengo, Kisauni, Mji wa Kale, popote pale, na pia mzazi ambaye mtoto kamletea projekti ya wenyeji wa Amerika usiku na yatakiwa shule kesho asubuhi. Tunachora ramani moja kubwa ya Waodawa, watu ambao vitabu vingi vinawaandika Ottawa, tangu kwenye visiwa vyao mpaka leo hii. Ramani, si insha. Manake historia yao ukiiandika kwa maneno matupu inakuwa tarehe na majina magumu tu, watoto wanasinzia, lakini ukiichora mtu anaona mwenyewe kwa nini hawa watu walikuwa na nguvu, kwa nini Wafaransa na Waingereza waliwagombania, walipelekwa wapi na ni wapi walikataa kuondoka.

Na msimamo wangu nautoa mapema: chora maji kwanza, mipaka ya nchi iache mwisho kabisa. Ramani nyingi za mtandaoni zinaanza na mstari wa Marekani na Kanada halafu zinawabandika Waodawa juu yake, nusu huku nusu kule, utadhani wao ndo waliohamia. Mstari ndo uliowakuta.

Kabla hujashika penseli, tafuta vizuri. Ukiandika Ottawa kwenye simu utaletewa mji mkuu wa Kanada, bunge, hoteli na bei za ndege. Mji ule umechukua jina la mto, na mto umeitwa hivo kwa sababu Waodawa walikuwa wakipita nao kwenda Montreal kuuza ngozi, lakini pale si kwao, pale ni ardhi ya Waalgonquin. Kwa hio andika Odawa, utapata watu badala ya mji. Wao ni sehemu ya jamii kubwa inayojiita Anishinaabe, na ndani yake wako ndugu watatu: Ojibwe ndo kaka mkubwa, Odawa wa katikati, Potawatomi mdogo, na umoja wao unaitwa Mioto Mitatu. Kila ndugu ana kazi yake, mkubwa alishika mambo ya imani, mdogo alitunza moto, huyu wa katikati biashara. Iandike hii kwenye kona ya karatasi maana utaihitaji ukifika kwenye mikataba, mingi imeandikwa "Ottawa na Chippewa", na hao Chippewa ni Waojibwe hao hao kwa jina lengine.

Vifaa ni vya kawaida. Manila mbili uziunganishe kwa selotepu upande wa nyuma, penseli, kifutio, kalamu za rangi (bluu, kijani, nyekundu, nyeusi, rangi ya machungwa), na simu moja yenye bando. Rula iache dukani, hakuna mto wala ziwa lililonyooka. Kama mnafanyia barazani na kusi inavuma weka mawe kwenye pembe nne, la sivyo ramani itawatoroka mkiwa kwenye Ziwa Superior.

Kuchora maji

Chukua bluu. Maziwa Makuu ya kule ni matano: Superior juu kushoto, Michigan linateremka kutoka kaskazini kwenda kusini, Huron liko mashariki yake, Erie chini kulia, na Ontario mbele zaidi kuelekea mashariki. Usihangaike na umbo kamili. Kuna ujanja ambao watu wa jimbo la Michigan wenyewe wanautumia kila siku: nyanyua mkono wako wa kulia, kiganja kikuangalie, vidole vimebanwa vinaelekea juu, gumba limeachana kidogo upande wa kulia. Hiyo ndo rasi ya chini ya Michigan. Kushoto kwa kiganja ni Ziwa Michigan, kulia ni Ziwa Huron. Ncha ya kidole cha kati ndo mlangobahari wa Mackinac unaounganisha maziwa hayo mawili. Mwambie kijana aweke mkono huohuo juu ya manila, kiganja kikiangalia juu, na apige mstari kuuzunguka, kisha chora mengine kufuata hapo. Kila mtoto anataka mkono wake ndo utumike, chagua wenye vidole virefu yaishe.

Sasa juu kulia kwa kidole cha kati, kaskazini ya Ziwa Huron, chora kisiwa kirefu cha kulala. Hicho ni Manitoulin na usikifanye kidogo. Ni kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani vilivyo ndani ya ziwa la maji baridi, kilomita mraba 2,766, ukichukua Unguja na Pemba ukazijumlisha bado Manitoulin inazishinda. Kusini mashariki yake kuna rasi nyembamba inayopanda juu, ndo Bruce, na nyuma ya rasi hiyo ni ghuba ya Georgian. Paka kijani Manitoulin, paka rasi ya Bruce, paka na pwani ya ghuba. Hapo ndo kwao kwa zamani, kabla Mzungu hajaandika chochote, ingawa wazee wao wanasimulia kwamba mababu wa Anishinaabe walitoka mashariki kabisa, kwenye bahari ya chumvi, wakafuata maji kuja juu kituo kwa kituo. Simulizi hii iwekee mshale wa nuktanukta kutoka pembe ya kulia ya karatasi. Nuktanukta haina maana kwamba ni uongo, ina maana hatuna mwaka wa kuandika pembeni, na vijana waelezwe hivo hivo.

Palepale kwenye mdomo wa mto French, unaoingia ghuba ya Georgian, andika 1615. Mwaka huo Mfaransa Samuel de Champlain alikutana na wanaume kama 300 wa Kiodawa, nywele wamezisimamisha juu, akawapa jina kwa hizo nywele zao. Aliwakuta wanakausha matunda madogo ya buluu ya kula wakati wa baridi. Mimi napenda sana waanze hapo, kwenye matunda, maana vijana wetu filamu zimewafundisha kwamba mwenyeji wa Amerika kazi yake ni kupanda farasi na kupiga kelele. Hawa walikuwa wakulima wa mahindi, maharage na maboga, wavuvi wa nyavu, watu wa mitumbwi iliyotengenezwa kwa ganda la mti wa betula, mwepesi kiasi cha kubebwa mabegani pale mto unapokuwa na maporomoko. Na wakati wa majira ya kuchipua walichemsha utomvu wa mepuli, ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, wakapata sukari.

Biashara ndo kiini. Chora mshale wa rangi ya machungwa kutoka Ziwa Superior, upite Manitoulin, uingie mto French, ushuke na mto Ottawa mpaka Montreal. Ngozi za biva, yule mnyama wa mtoni anayekata miti kwa meno, zilishuka njia hiyo, na vyuma, bunduki, nguo na shanga zikapanda. Waodawa hawakuwinda zote wao, walinunua kwa jamii za magharibi wakauza kwa Wafaransa, yaani Mfaransa wa Montreal na mwindaji wa Superior hawakuonana bila mtu wa kati, kama vile mkulima wa nyanya na mwenye kibanda hawaonani bila dalali wa Kongowea. Na njia zilikuwa na wenyewe, ukoo uliofungua njia ndo wenye haki nayo, mwengine akitaka kupita atoe zawadi kwanza. Ukielewa hapo umeelewa kwa nini kila vita vilivyofuata viligusa njia za maji.

Mishale ya kukimbia na kurudi

Badilisha kalamu, chukua nyekundu. Mwaka 1649 Wahaudenosaunee, ambao vitabuni wanaitwa Wairokwa, waliivunja nchi ya Wawendat (Wahuron) waliokuwa majirani na wabia wa Waodawa, na vita vikasogea. Waodawa wakaondoka wakaenda magharibi. Piga mshale kutoka Manitoulin hadi ghuba ya Green upande wa kushoto wa Ziwa Michigan, kisha mwengine hadi ghuba ya Chequamegon kusini mwa Ziwa Superior. Lakini angalia, hata wakiwa wakimbizi hawakuacha kazi: mwaka 1654 msafara wa mitumbwi yao na ya Wawendat ulifika Montreal na ngozi wakati Wafaransa wameshakata tamaa ya kuona mzigo. Na kwa kuwa Wawendat walikuwa wametawanyika, biashara yote ya kati ikaangukia mikononi mwao.

Kwenye miaka ya 1670 mshale unarudi, sehemu Manitoulin, sehemu mlangobahari wa Mackinac. Mshale wa kurudi upige mnene kuliko wa kwenda, usisahau. Mwaka 1701 mambo mawili: amani kubwa iliyosainiwa Montreal baina ya Wafaransa, Wahaudenosaunee na mataifa karibu arobaini ya wenyeji, na mwaka huohuo Wafaransa wakajenga Detroit, chini ya gumba la ule mkono. Kundi la Waodawa likahamia Detroit. Wengine walibaki Mackinac ambako Wafaransa walijenga ngome ya Michilimackinac karibu 1715, na ardhi ya pale ilipochoka kwa kilimo wakahama mwaka 1741 na 1742 wakateremka kidogo pwani ya Ziwa Michigan, mahali panapoitwa Waganakising. Kwenye mkono ni ncha ya kidole cha pete. Paka kijani pwani yote hiyo, ile ya Cross Village mpaka Harbor Springs na Petoskey za leo, na ukiona ramani ya Kifaransa imeandika L'Arbre Croche ujue ni hapohapo.

Ukifika 1763 punguza mwendo kidogo, hapa vijana watakaa macho. Waingereza walikuwa wamewashinda Wafaransa na kuchukua ngome zao, na jenerali wao Amherst akaamua kukata zawadi na kubana baruti. Zawadi kule hazikuwa hongo wala sadaka, ndo zilikuwa zinashikilia urafiki, mgeni anayekaa kwenye ardhi yako anakuheshimu kila mwaka kwa kitu mkononi. Na baruti ilikuwa ya kuwindia chakula. Hapo akatokea Pontiac, kiongozi wa Waodawa wa Detroit. Tarehe 7 Mei 1763 aliingia ngomeni na watu wake, silaha wamezificha chini ya mablanketi, lakini mkuu wa ngome, Henry Gladwin, alikuwa ameshapenyezewa habari na askari wake walikuwa tayari, kwa hio Pontiac akatoka bila kutoa ishara. Siku mbili baadaye akaizingira, na mzingiro uliendelea mpaka mwezi wa kumi. Kwengineko jamii zilizoungana ziliteka ngome 8. Weka nukta nyeusi kwa Detroit na kwa Michilimackinac.

Ya Michilimackinac ina kisa chake. Tarehe 2 Juni Waojibwe walicheza lakrosi, mchezo wa mpira unaorushwa kwa vijiti vyenye wavu, nje ya ngome, Waingereza wakatoka kutazama, mpira ukarushwa karibu na lango na wachezaji wakaufuata, wakapokea silaha kwa wanawake waliokuwa wamezificha, ngome ikaanguka. Watoto wataipenda sana hii. Ila usiishie hapo: Waodawa wa Waganakising hawakuwa wameshirikishwa, wakakasirika, wakaja wakawachukua Waingereza waliobaki hai na kuwasindikiza salama hadi Montreal. Kwa hio yule atakayekuja kukuandikia "Waodawa waliwapiga vita Waingereza 1763", muulize Waodawa wepi. Wa Detroit na wa Waganakising walikuwa ndugu lakini kila mji uliamua mambo yake.

Mwezi wa kumi mwaka huo mfalme wa Uingereza akatoa tangazo kwamba walowezi wasivuke milima ya Appalachian. Vita vile vilichangia tangazo hilo. Pontiac alifanya amani 1766 na akauawa Aprili 1769 Cahokia, upande wa mto Mississippi.

Ndui nayo lazima iwe kwenye ramani, na hapa kuna shahidi wa ndani. Andrew Blackbird, Makade-binesi kwa jina la kwao, kiongozi wa Waodawa wa Harbor Springs, aliandika historia ya watu wake ikachapishwa mwaka 1887. Anasimulia alivosikia kwa wazee kwamba sanduku la bati liliuzwa kwa watu wake Montreal, wakaambiwa wasifungue mpaka wafike nyumbani, wakafungua wakakuta sanduku lengine, ndani lengine dogo, na mwisho vipande vya kitu cha ukungu tu, halafu ndui ikamaliza vijiji. Mwambie kijana wako asome maneno ya huyu mzee kabla ya kusoma ya profesa yeyote.

Mikataba, hapa usiharakishe

Chukua kalamu nyeusi ya ncha nyembamba. Kila mkataba wa kutoa ardhi utaukata kwa mistari ya mshazari juu ya ile kijani na mwaka wake ndani. Usiifute kijani! Mistari ije juu yake, kijani ionekane chini.

Anza kusini: 1795 Greenville, sehemu kubwa ya Ohio. 1807 Detroit, kusini mashariki ya Michigan, yaani sehemu ya gumba na chini yake. 1821 Chicago, kusini magharibi, chini ya mto Grand, kwenye ule mkono ni upande wa kushoto karibu na kifundo cha mkono. Halafu mkubwa wao, 28 Machi 1836, uliosainiwa Washington. Waodawa na Waojibwe walitoa karibu ekari milioni 14, zaidi ya thuluthi moja ya jimbo la Michigan la leo, kuanzia mto Grand kwenda juu vidole vyote mpaka kuvuka mlangobahari. Mwezi wa kwanza wa 1837 Michigan ikawa jimbo kamili, na bila ile ardhi isingekuwa hivyo ilivyo.

Vijana watauliza, kwani waliwekewa bunduki? Jibu ni refu kidogo. Tangu 1830 Marekani ilikuwa na sheria ya kuwahamisha wenyeji kwenda ng'ambo ya Mississippi, na Waodawa waliona majirani zao wanavyosombwa. Madeni kwa wafanyabiashara nayo yalikuwa shingoni. Wakaona bora wauze kubwa wabakishe rizavu, yaani ardhi ya kutengewa wao, za kudumu kwenye vijiji vyao, wakasaini hivo. Mkataba ulipofika Seneti maseneta wakachomeka maneno yao: rizavu ziwe za miaka mitano tu. Yaani mtu amesaini karatasi moja akarudishiwa nyengine. Watu wa Pwani mnaojua habari za sheria ya hati za ardhi ya 1908 na nani alibaki skwota kwenye shamba la babu yake, hapa hamhitaji mkalimani.

Sasa angalia walichofanya, na hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Wengine walivuka maji kurudi Manitoulin upande wa Waingereza, wapigie mshale wa kijani. Na waliobaki Waganakising walichukua pesa za mkataba wenyewe wakaenda ofisi ya ardhi wakanunua ardhi ileile, ploti kwa ploti, ili wasiweze kusombwa, mtu mwenye hati na anayelipa kodi utamfukuza vipi? Ploti hizo zitie nukta ndogo za kijani kibichi pwani ile. Wengi wao hawakuhamishwa. Mkataba wa 1855 ukaahidi kila mkuu wa familia ekari 80 na mtu asiye na familia ekari 40, ila hati zilichelewa, orodha zikavurugwa, walowezi wakajikalia, kodi, ulaghai, na kufikia mwisho wa karne ile sehemu kubwa ilikuwa imeshawatoka.

Kuna nukta moja ya kuchora kwa nyekundu, chini kidogo ya ncha ya kidole cha kati: Burt Lake. Watu wa pale walikuwa wamenunua ardhi yao na kuiweka chini ya dhamana ya gavana, isitozwe kodi. Kaunti ikaitoza kodi hivohivo, ikaiuza kwa deni hilo la kodi, na tarehe 15 Oktoba 1900 sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, akaja pamoja na mnunuzi, wanaume wakiwa kazini, wakawatoa wanawake, watoto na wazee nje wakamwaga mafuta wakachoma kijiji. Mbele ya watoto wadogo sema imechomwa, inatosha. Kwa wakubwa soma nao habari yote, ya nani alitoza kodi na kwa haki gani, manake moto ulikuwa hatua ya mwisho tu, wizi wenyewe ulifanywa kwa karatasi.

Wa Ohio, wale wa mto Maumee, mambo yao yalikuwa mabaya zaidi. Mikataba ya 1831 na 1833 iliwatoa, na kati ya 1832 na 1839 wakapelekwa Kansas. Hapa ramani yako itaishiwa na karatasi, bandika kipande chini kushoto. Kansas walipoteza watu wengi kwa maradhi, wakajenga upya, wakatoa ardhi ya kuanzishia chuo kikuu ambacho mpaka leo kinaitwa Ottawa, cha mwaka 1865, na mkataba wa 1867 ukawasukuma tena hadi Oklahoma. Piga mshale wa pili. Na mwaka 1956 serikali ya Marekani ikapitisha sheria ya kuwafuta kabisa kama taifa, kwenye makaratasi yaani hawapo. Waligoma kufutika, 15 Mei 1978 sheria nyengine ikawarudisha. Pale Oklahoma andika miaka yote miwili.

Upande wa Kanada mikataba ni miwili ya kuangalia, yote ya Manitoulin. Wa 1836 ulisema visiwa vyote vile viwe vya wenyeji peke yao. Mwaka 1862 serikali ileile ikaja kutaka kisiwa, sehemu kubwa ikatolewa, ila rasi ya mashariki, Wiikwemkoong, ikakataa kusaini. Kwa hio chora Manitoulin na mistari yake ya mshazari, na ile rasi ya mashariki iache kijani tupu. Jina lake rasmi hadi leo linasema ni ardhi isiyotolewa. Ukipita sehemu zote mtoto akakumbuka hiyo moja tu, mimi nitaridhika. Huko ndo alikozaliwa mchoraji Daphne Odjig mwaka 1919, na kila mwaka mwezi wa nane wanafanya sherehe kubwa ya ngoma, tangu 1961.

Mpaka na leo

Sasa ndo uchore mpaka. Mstari wa 1783, Waingereza na Wamarekani waliukubaliana Paris, unapita katikati ya Ziwa Huron, Manitoulin ukauacha juu na Waganakising ukauacha chini, na hakuna Mwodawa aliyekuwa mezani. Upige kwa penseli, mwembamba. Wengine watasema napendelea, sawa.

Kisha weka nyota za leo. Grand Traverse Band, Peshawbestown, ncha ya kidole cha mwisho, ilitambuliwa rasmi na Marekani 1980. Little Traverse Bay Bands, Harbor Springs, na Little River Band, Manistee (ubavu wa kushoto wa kiganja), zote mbili 1994. Ottawa Tribe ya Oklahoma. Wiikwemkoong, na jirani zake kisiwani kama M'Chigeeng, Sheguiandah na Sheshegwaning, ambako Waodawa, Waojibwe na Wapotawatomi wamechanganyika. Hizi ni serikali, zina mahakama, shule, polisi, kurasa zao rasmi mtandaoni, na ukitaka picha za mradi chukua huko: makasha ya ganda la betula yaliyodariziwa kwa miiba ya nungunungu, vikapu vya mti wa ashi mweusi. Yale mataji ya manyoya marefu mpaka mgongoni ni ya watu wa nyikani magharibi, usiyabandike hapa. Na ule msemo wa Wahindi Wekundu uache, andika jina lao.

Chora samaki mmoja kwenye maji ya Mackinac na uandike 1979. Miaka ile jimbo la Michigan lilikuwa linakamata wavuvi wa wenyeji na nyavu zao kwa madai kwamba wanavua bila leseni, kesi ikaenda mpaka kwa jaji Noel Fox, naye akafungua ule mkataba wa Washington wa 1836 akasema hawa waliuza ardhi, haki ya kuvua hawakuiuza. Vijana wa Mkunguni na Likoni ambao baba zao wananyang'anywa nyavu watakuwa na maswali mengi hapa, waache waulize.

Siku ya kuionyesha, mpe kila kijana mshale mmoja aueleze, usimpe mtu mmoja kusema yote. Tayarisha majibu ya maswali matatu ambayo lazima yaje. Bado wapo? Onyesha nyota. Wanaongea lugha yao? Ndiyo, Anishinaabemowin, inafundishwa, ingawa wanaoizungumza tangu utotoni wamepungua sana kwa sababu watoto walipelekwa shule za bweni ambako walikatazwa, na moja iliyokuwa Harbor Springs ilifungwa mwaka 1983, si zamani hivo. La tatu litatoka kwa yule anayependa magari: Pontiac ni yule wa gari? Ni yeye, mji wa Pontiac kule Michigan umeitwa kwa jina lake, gari likachukua jina la mji, na General Motors waliacha kuliunda 2010. Mjibu upesi umrudishe kwenye mshale wake, la sivyo kipindi kizima kitaishia kwenye magari.